Masafa Yaleyale

Sindano ya redio yangu haijasogea
tangu mwaka wa themanini na nne.
Niliigandisha kwa rangi ya kucha, nyekundu,
ili mume wangu asiichezee.
Mume wangu amekwisha kufa, Mungu amrehemu.
Rangi ipo.

Wakati huo iliitwa Redio Bonde.
Studio ilikuwa juu ya duka la mazulia, hapa hapa Keighley,
na ukipita chini asubuhi
ungemwona Maurice Hebblethwaite dirishani
akila mkate huku wimbo ukicheza.
Kiingereza changu nilikipata kwake:
paka aliyepotea Oakworth Road, mweusi, sikio moja limekatika;
shule zilizofungwa kwa theluji, moja baada ya nyingine,
kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya maharusi;
na saa. Saa kila baada ya wimbo.
Yeye akisema nane na dakika kumi na saba
mimi natoa sita, napata mbili na kumi na saba,
naendelea kukaanga.

Siku moja nilipiga simu. Nilikuwa na kigari cha mtoto,
magurudumu mazima, nakitoa bure.
Akaniuliza jina. Mwanakheri, nikasema.
Akalitafuna, akalitema: Mona Kerry.
Mji mzima ukaniita hivyo, hadi muuza nyama.
Nilikasirika, lakini si sana.
Kigari kilichukuliwa kabla ya adhuhuri.

Kisha wakaja wenye suti.
Wakasema wasikilizaji wamezeeka,
wakaleta muziki wa vijana, vishindo vitupu,
na jina jipya, Zambarau,
kama kwamba tutaila.
Maurice wakamsukumia usiku
kama sufuria iliyotoboka, nyuma ya kabati.
Vijana nao hawakusikiliza.
Basi zikarudi nyimbo za zamani,
na hizo za zamani zilikuwa zilezile za vijana:
kumbe miaka kumi na miwili imepita
nami bado niko jikoni.
Ukaja mpira, wanaume wawili wakibishana
juu ya goti la mtu wa tatu.
Yakaja mapenzi, nyimbo za polepole tangu alfajiri,
hata mtu unaona haya kumenya vitunguu.
Nyumba moja, wapangaji kila mmoja
anapaka kuta upya, na hakuna anayeziba paa.

Siku kibarua cha Maurice kilipoota nyasi
hakuna aliyetangaza. Nani angetangaza?
Mtangazaji alikuwa yeye.

Sasa ni sauti kutoka London, binti mchangamfu.
Anasema hapo mlipo, anasema huko kwenu,
hautaji mji, maana anaongea na miji arobaini
kwa pumzi moja.
Mto ulipofurika, maji yakapanda
ngazi za jirani yangu Pauline hadi ya tatu,
yeye alitutakia jioni njema yenye jua.
Nilimjibu. Nilisema, mwanangu, chungulia dirishani.
Lakini dirisha lake halikutazama kwetu.
Akaweka wimbo.
Nikashika kisu nikwangue ile rangi ya kucha.
Sikuikwangua. Sijui kwa nini.
Labda mtu haondoki tu
kwa sababu mwenyeji ameondoka.

Jumanne iliyopita, kituo cha basi, North Street.
Mzee wa kofia ya sufu mbele yangu,
hakugeuka, na angegeuka asingenijua.
Basi likachelewa. Akainua mkono, akaitazama saa yake,
akasema, bila kuulizwa na mtu,
kwa sauti ileile iliyokuwa ikipita juu ya kikaango changu:
nane na dakika kumi na saba.

Watu wakatazama simu zao.
Mimi nilikuwa nimeshatoa sita
kabla sijajua kwamba nimetoa.