Vijiti Arubaini na Viwili

Mto wake haukuwa wa kulalia.
Ulikuwa wa duara, umeshindiliwa majani makavu,
mgumu kama goti la mtu,
na juu yake pini, msitu wa pini,
na vijiti arubaini na viwili vikining'inia kwa nyuzi.

Nilikuwa nafua pale Casuarina, nyumba ya tatu toka barabarani.
Siku ya kwanza nilidhani darini mna panya:
tik tik, tiki, tik.
Kumbe ni Sinyora Ornella,
miwani puani, mikono inaruka.

Nilisimama na beseni langu.
Cha kulia juu ya cha kushoto. Pindua. Vuka. Pini.
Nikasema moyoni: huyu anasuka ukili.

Maana nyanyangu, Bi Mwanamkuu wa Shela yetu ya Malindi,
hakuwa na pini; alikuwa na kidole gumba cha mguu.
Alibana chane hapo, akaenda, akaenda,
ukili wa njia tisa, pima tatu kabla ya adhuhuri,
mdomo kwa jirani, macho kwenye sufuria.

Sinyora alinieleza kwa Kiswahili chake cha sokoni:
kwao, zamani, wasichana wa miaka sita walishushwa chumba cha chini
kwa kuwa uzi mwembamba hupenda unyevu.
Mshumaa mmoja, wanawake wanane,
na chupa ya maji ya kuukuza mwanga.
Lesi ilipanda shingoni kwa mabwana.
Macho yakabaki chumbani.

Nikamwambia: mikeka ya nyanya ilikwenda misikitini
na majumba ya watu. Mwenyewe alilalia gunia.
Tulicheka, lakini si sana.

Mwezi wa Machi alianguka bafuni.
Wanawe wakaja, wakauza friji, gari, vitanda.
"Takataka hii chukua wewe":
mto, na nusu ya lesi bado imeng'ang'ania pini.

Nimeupakata barazani.
Nimeona alipoishia, na juu kidogo, kosa:
kijiti cha kumi na saba kimepita chini.
Bi Mwanamkuu angefumua.
Mimi sifumui. Labda hapo ndipo nilipomwita
chai tayari.

Cha kulia juu ya cha kushoto.
Tik.
Binti yangu kachungulia: Mama, panya?
Pini zimeniishia.
Njoo, nikamwambia, leta kidole.
Bana hapa.