Nyinginezo

Saa kumi na mbili kasoro, Mafiati bado giza,
Loleza kajifunika ukungu mpaka kidevuni.
Nimekabidhiwa kiti cha plastiki, fomu ishirini na nne,
kalamu mbili. Kifutio hapana.
"Hesabu haifutwi," kasema Mhandisi Ambonisye.
"Ukikosea, endelea."

Kila chombo, kijiti kimoja.
Vinne vikisimama, cha tano kinavikata kiuno.
Pikipiki. Bajaji. Gari dogo. Basi.
Lori la ekseli mbili, la tatu, semi-treila.
Na pembeni kabisa, safu nyembamba ya kupita paka:
Nyinginezo.

Kufika saa mbili vidole vimekufa kwa baridi ya Juni.
Malori ya Tunduma yanapita yakikohoa,
shaba ya watu wengine,
moshi wetu.
Tusekile yuko ng'ambo na mashine ya kupima kelele,
ananionyesha kwa vidole: nane, kisha tatu.
Themanini na tatu.
Nilimwita jina lake mara mbili, hakusikia,
na hilo mashine haikuliandika.

Kijana wa mazingira anapita na futi kamba,
anaukumbatia kila mti kama mtu aliyechelewa msibani,
halafu anasoma kwa sauti, mwenzake anaandika:
"Mgrivea. Namba arobaini na saba.
Afya, nzuri.
Hatima, kuondolewa."

Mama Luvanda ananiletea kiazi cha moto.
Banda lake lina X nyekundu tangu Jumanne;
kaning'iniza kanga juu yake, anasema inatisha wateja.
"Mwanangu, mimi umeniandika wapi?"
Naitazama fomu juu mpaka chini.
Mama Luvanda hana ekseli.

Mkokoteni wa viazi vya Umalila,
wawili nyuma wanasukuma, mmoja mbele
ndiye breki, kwa visigino vyake:
Nyinginezo, kijiti.
Ng'ombe watatu kwa kamba moja.
Vijiti vitatu, au kamba moja?
Mwongozo umenyamaza.

Lakini usinidhanie naililia njia hii nyembamba.
Gwamaka, kaka yangu, alivukia hapa hapa,
katumwa kiberiti.
Malori mawili yalitaka kupitana pasipo na nafasi.
Kiberiti kilifika ng'ambo.
Kwa hiyo panueni. Panueni hata leo usiku,
chukueni na mgrivea, chukueni na kiti hiki,
ila mkifika njia nne
mniambie mtoto mwenye miaka tisa
anazivuka kwa pumzi ngapi.

Saa tano na robo, msafara.
Pikapu mbele, msalaba umefungwa kwa mpira wa baiskeli.
Mafiati yote ikasimama: wenye bajaji walizima,
Mama Luvanda akashusha sufuria.
Mwongozo, ukurasa wa pili: usiache kuhesabu kwa sababu yoyote.
Nilisimama, kichwa chini,
na mkono nyuma ya mgongo
vidole vikahesabu peke yao.
Magari madogo kumi na moja. Basi moja, la kwaya.
Pikapu yenye jeneza nikaiweka mwisho:
gari dogo, kijiti,
sawa na ya mwenye haraka ya benki.

Jioni mhandisi analowesha kidole, anafunua kurasa.
"Nyinginezo zako nyingi mno. Ni nini hizi?"
Namwambia mikokoteni, ng'ombe, mwanamke na kabati kichwani,
kipofu na mshika fimbo wake, nilimwandika mmoja.
Anacheka, si kwa ubaya.
"Mfumo utazigeuza," anasema. "Kumi ni sawa na gari moja."

Namrudishia kiti. Tusekile keshazima mashine,
lakini kelele haikuzimika.
Navuka. Katikati, juu ya mstari mweupe,
nasimama kama wote wanavyosimama,
semi-treila mbele, semi-treila nyuma,
sketi ikivutwa huku na huku na upepo wao,
na kidole, kwa mazoea,
kinachora pajani kijiti kimoja,
kinasita,
hakijui safu.