Korongo Kavu

Fomu ina safu tano. Naijaza usiku,
kwa taa ya betri, buti zimevuliwa,
upepo wa Monduli ukipekua turubai
kama mwizi asiye na haraka.
Safu ya kwanza: hatari. Naandika
jua. Nyigu. Uchovu. Maji machache.
Risasi baridi, maana hata ya baridi
huunguza ikiwa karibu na jicho.
Ya pili, uwezekano. Ya tatu, madhara.
Zidisha moja kwa nyingine, upake rangi:
kijani, njano, nyekundu,
kama mataa ya Sanawari,
ila hapa anayengoja ni mimi peke yangu.

Lembrisi, kuruta wa Ngaramtoni,
aliniuliza darasani: Afande,
mwenzangu akianguka, nisimkimbilie?
Simama, nikamwambia. Vuta pumzi moja. Tazama
kama kilichomwangusha bado kipo.
Nyoka hana habari kuwa zamu yake imekwisha.
Waya wa umeme hausalimii vyeo.
Ukimkimbilia ovyo, machela zitataka wabebaji wanane
na sisi tuko saba.
Wakacheka. Sikuwa natania.

Kisha damu. Damu kwanza,
pole utampa baadaye.
Mkanda ukae juu ya jeraha, vidole vinne,
usikae kwenye goti,
kaza mpaka akutukane.
Akikutukana, shukuru: anapumua.
Andika saa kwenye paji lake la uso,
wino mweusi, tarakimu kubwa,
na uandike kwa saa ya jeshi:
saa kumi ya mama yako
ni kumi na sita ya daktari,
na katikati ya hizo mbili
mguu unaweza kupotea.

Masika yaliyopita tulikuwa na matembezi ya kilometa ishirini.
Korongo lilikuwa kavu, mchanga mweupe,
kavu la kukuchekesha.
Mtoto mmoja mchungaji, Saning'o,
jino la mbele limeng'oka, jipya halijaota,
akanyoosha fimbo kule mlimani
ambako wingu lilikuwa limekaa.
Hakutaja mvua. Alisema:
mbuzi wamekataa kushuka.

Safu gani hiyo?
Fomu haina mahali pa mbuzi.
Nikaandika pembeni, nje ya mistari:
mbuzi wamekataa.

Luteni Urio akatazama saa, akatazama korongo,
akanitazama mimi.
Sajini, unasimamisha platuni kwa ajili ya mbuzi?
Ndiyo, afande.
Mpaka lini?
Mpaka wabadili mawazo.

Tukakaa saa moja na nusu.
Nzi. Biskuti ngumu. Mtu akashona kifungo.
Maji hayakuja.
Beberu mmoja mwenye pembe iliyovunjika
akashuka, akavuka akitafuna,
na platuni nzima ikavuka nyuma yake
ikicheka kwa mabega.

Tangu siku ile naitwa Mama Mbuzi.
Hata mpishi ananiita hivyo, na nyama ananipunguzia.

Hakuna nishani ya mafuriko yasiyokuja.
Hakuna gwaride
kwa mguu ambao haukuvunjika.
Kovu nililolishona naweza kukuonyesha, liko Tengeru,
linauza nyanya, linanisalimia kila Jumamosi.
Vijana thelathini na wawili
walio hai kwa sababu hakuna kilichotokea,
hao siwezi kukuonyesha,
maana pengine wangekuwa hai tu.
Hilo silijui. Hilo ndilo linaloniamsha.

Safu ya nne, tahadhari. Hiyo naijua kwa moyo.
Safu ya tano: hatari inayobaki
ukishafanya yote uwezayo.
Haijawahi kuwa tupu.
Kesho tunapita palepale.
Naandika korongo. Nafuta. Naandika tena.

Hema la pili, Lembrisi anakohoa usingizini.
Najikuta nahesabu pumzi zake,
kumi na nne, kumi na tano,
kisha natafuta kalamu ya njano.