Maelekezo kwa Mgeni wa Chumba Namba Nne

Jana uliniuliza, vumbi la Ipinda likiwa bado kwenye nyusi zako,
hapa Matema mtu anafanya nini.
Nikakujibu: chai ni saa moja.
Unisamehe. Nilikuwa nahesabu mashuka.

Sasa sikiliza.
Usiamke kulitafuta jua. Jua la hapa huchelewa,
lina milima ya Ukinga ya kupanda kwanza, kwa upande wa pili,
na likifika kileleni limeshachoka kuvumilia,
linatumwagia joto lote kwa mpigo.
Kabla ya hapo ziwa ni la kijivu,
limetulia kama uji uliosahauliwa mezani.
Hapo ndipo uoge.
Zamisha kichwa, fumbua macho:
samaki wa buluu, wadogo kama vifungo vya shati la harusi,
watakuja kukuchungulia.
Wenyeji ni wao. Kioja ni wewe.

Mdomoni mwa mto Lufilyo usiogee.
Sielezi zaidi.
Gwamaka alikuwa na mbwa.

Ukitaka bodaboda, mwite Ambakisye, ana breki.
Yule mwingine, anayelia kama jogoo kila kona,
ana honi.

Jumamosi nenda Lyulilo kwa miguu,
ziwa kuliani, milima kushoto, huwezi kupotea
labda upotee kwa makusudi.
Utakuta mitumbwi ya Ikombe imeshusha vyungu,
vimelazwa kwenye nyasi kama mayai ya ndege
ambaye hakuna aliyewahi kumwona.
Bei usiulize mapema.
Gonga kwa kifundo cha kidole, usikilize.
Kizima huitika kama mtu aliyeitwa jina lake.
Chenye ufa hukohoa.

Na ukiwa na siku ya ziada, vuka uende Ikombe kwenyewe.
Alfajiri. Urudi kabla ya saa saba,
upepo wa mchana hauna adabu, hupiga hata waliolipa nauli.
Kule utamwona mama akikizungusha chungu juu ya kigae,
mkono mmoja ndani, mmoja nje,
polepole, kama mtu anayemgeuza mtoto aliyelala.

Mimi nina miaka kumi na moja kwenye hii kaunta.
Ikombe nimefika mara moja.
Nilikwenda kulipa deni la marehemu mama yangu,
chungu cha maji alichokopa, alichokitaja
hata siku ile alipokuwa ameshasahau majina yetu.
Nilimkuta mwenyewe, Tusajigwe, mikono myekundu hadi viwikoni.
Akanitazama, akacheka kidogo.
"Mama yako alishalipa. Mchele, debe mbili,
mwaka ule maji yalipochukua shamba letu la mihogo."
Nikarudi na noti zilezile pinduni mwa khanga.
Zipo mpaka leo, kwenye kopo la majani ya chai,
sijui ni za nani.

Ukinunua chungu, kipakate mapajani,
usikubali kifungwe nyuma ya pikipiki.
Kikivunjika Ipinda, na vingi huvunjikia Ipinda,
usiwapigie kelele, usitupe vigae.
Nenda navyo mpaka kwako, huko Mbeya kwenye baridi,
viweke chini ya kopo la ua,
maji yatapita, udongo utabaki.

Haya. Chai ni saa moja,
lakini kama unakwenda majini nitakuwekea chupa mlangoni usiku,
na chapati mbili, ufunike, kuna paka.

Na ukifika Ikombe, mwulizie kama bado yupo.
Usimpe kitu.
Mwambie tu mtoto wa Anyelwisye anamsalimu,
halafu useme *ndaga*, na ukae kimya kidogo,
kama mtu aliyetumwa maneno mengi
akayasahau njiani.