Matabaka Thelathini

Kwanza tulishona matabaka manne.
Afisa Gwak akaivisha sanamu ya majani ya mpunga,
mfyatuzi akahesabu hatua mia moja, akapiga goti.
Risasi ikaingia kifuani, ikatoka mgongoni,
ikaenda kuua theluji.

Sita. Ikapita.
Nane. Ikapita kwa kusitasita,
kama mdeni mlangoni kwa anayemdai.
Kwenye kumi na mbili tukaisikia ikinyamaza.

Mimi ndiye niliyetumwa kuitafuta kwa vidole.
Ilikuwa bado ya moto,
imebonyea kama choroko iliyotafunwa ikatemwa.
Wakashangilia. Mmoja akaikumbatia sanamu.
"Zidisheni," akasema Gwak, "tuwe na uhakika."

Basi thelathini.
Kipupwe chote, wanawake kumi na sita, sindano zikivunjika,
kidole gumba changu kikiota sugu mfano wa ukwato.
Kwa nini si ishirini, si arobaini?
Hakuna aliyejua.
Thelathini ilikuwa hesabu iliyompa mkubwa usingizi.

Sasa ninayo maswali, sasa ambapo hayana kazi.
Sanamu haitoki jasho.
Sanamu haipandi ngazi za ngome na gunia la baruti begani.
Hupigwa risasi moja, kisha watu wanaiendea kwa upole,
wanaifungua vifungo, wanaiuliza imeumia wapi.

Wale wa meli za moshi walikuja kiangazi.
Ndugu yangu Chil-bok alilivaa koti juu ya ngozi tupu,
na joto likamtoa damu puani
kabla adui hajashindilia hata bunduki moja.
Haya nimeambiwa na Maeng, aliyekuwa naye langoni,
Maeng ambaye sasa anauza chumvi
na hawezi kukunja mkono wa kushoto.
"Tulicheka," alisema. "Nakuapia, tulicheka.
Risasi zilitugonga kama mawe ya watoto
na hatukuanguka.
Kwa muda wa kuivisha chungu cha wali
tulikuwa watu wasiokufa."

Kisha ikaanza mizinga.
Mzinga haukuhitaji kupenya. Ulihitaji cheche.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo:
nilikuwa nikishona kinga,
sikujua ni kinga ipi.

Pamba haiwaki kwa makelele.
Hula kwanza ndani, tabaka kwa tabaka,
na mtu huendelea kulenga shabaha huku kwapa lake linafuka moshi.
Waliokimbilia majini walizimika.
Lakini pamba iliyokunywa bahari
ina uzito wa mtu wa pili,
na mtu wa pili huyo hajui kuogelea.

Koti lake lililetwa vuli, limekauka kama gome,
ukosi umeungua, kamba za ubavuni zimekatwa kwa kisu
(nani alikata? Maeng hajui, au hasemi).
Karani alikaa mkekani kwangu na wino wake
nami nikafumua.

Risasi ya kwanza: tabaka la kumi na moja.
Ya pili: la kumi na tisa.
Ya tatu nikaikuta kwenye la ishirini na sita,
upande wa moyo, imelala ubavu.

"Kuna iliyopita?" akauliza.
"Hapana."
"Hata moja?"
"Hata moja, bwana."
Akaandika. Nikamtazama akiandika.
Alipuliza wino ukauke, akashukuru kwa chai,
akasema kazi yangu ni imara.

Yalibaki matabaka manne ya mwisho,
yale yaliyogusana na mwili. Hayana tundu.
Nimeyafua mara saba.
Binti ya jirani amejifungua, ameomba kitambaa,
nami kila asubuhi namwambia
bado hakijakauka.