Duara la Makorora

Spika mbili: moja ya redio ya marehemu baba,
iliyokata kauli katikati ya bei ya mkonge;
ya pili nimeipata kwa Shekiondo, muuza vyuma chakavu,
kwa mia tano na maneno mengi.

Kioo ni cha mama, cha kujipakia wanja. Kilishapasuka.
Nimekata vipande viwili, kila kimoja kadiri ya ukucha,
nikavibandika kwa gundi ya viatu.
Nuru nyekundu nimeichomoa kwenye deki
iliyoliwa na chumvi ya hewa yetu.

Spika hii huisukuma nuru kushoto, kulia.
Ile, juu, chini.
Peke yake kila moja huchora mstari tu,
kama mtu anayejibu "ndiyo" siku nzima.

Saa nne usiku umeme ulikatika.
Nikazifunga kwenye betri ya pikipiki,
simu ikazitia mluzi.
Ukutani, kwenye matofali yasiyopigwa lipu,
likajiviringisha duara, si duara hasa, yai,
likitetereka kila lilipovuka saruji.

Mama alisimama mlangoni na kandili.
"Spika ya baba yako hiyo.
Mbona inaguna tu?"

Inasema, mama. Zima kandili uone.