Daftari la Barabara ya Kumi na Nane

Ni daftari la kaunta, kurasa mia mbili,
nimelifunga kwa kamba ya mkonge
tangu uti wake ukatike mwezi wa Shaabani.
Peni nimeining'iniza kwa uzi
maana peni nayo ilianza kukopwa.

Zamani honi ya kiwanda cha magunia
ililia mara tatu kwa siku.
Ya alfajiri niliipangia mikate,
ya saa nane niliichemshia maziwa,
ya usiku niliifungia mlango.
Sasa inalia moja tu, tena kwa mkato,
kama mtu aliyetaka kupiga chafya akaghairi.

Hakuna aliyekuja Ngamiani kunitangazia hali.
Niliisoma kwenye mizani.
Kupaza wa mashine za kusokota alichukua sukari kilo,
akaja kwa nusu,
akaja kwa robo,
juzi kamtuma mwanawe:
"Baba anasema ya chai ya mtu mmoja."
Kwao wako sita.
Nilikunja karatasi, nikapima vijiko vitatu,
cha nne kikaanguka chenyewe.
Uzee umeanza mkononi, nilijisemea,
wala sikukiandika.

Andazi la Mwanamkasi halijapanda bei.
Ni lile lile la mia,
ila ukiling'ata unakutana na hewa,
na hewa, anasema, bado anagawa Mungu.

Mgaza kauza baiskeli.
Tanga hii, mtu kuuza baiskeli!
Anatoka Pongwe kwa miguu, vumbi hadi kope,
na bado kabana suruali kwa kile kibanio
isije ikaliwa na mnyororo.
Nilimwonyesha kwa kidole.
Akainama, akakitazama kitambo,
hakukivua.

Ukutani niliwahi kubandika kibao:
KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA.
Walikuwa wakikisoma kwa sauti, wakicheka,
kisha wanakopa.
Sasa Bi Chamkeni amenijibu:
"Matanga yapi, mwenzangu?
Tulimzika Semboja saa saba,
saa kumi jamvi limekunjwa.
Wali wa siku tatu nani anao?"
Nilikibandua kibao.
Nyuma yake rangi ya ukuta ilikuwa mpya,
ya mwaka ule tuliopaka.

Jumanne nikashuka mjini kwa muuzaji wa jumla.
Kanikaribisha vizuri, kanipa na kiti.
Halafu akalowesha kidole,
akafunua daftari.

Sikujua kama ninalo ukurasa.
Siko kwa jina hata; nimeandikwa *Shangazi wa 18*,
na chini yangu tarakimu zinashuka, zinashuka,
kama ngazi za kisima.
Alinitazama bila kusema neno.
Uso ule naufahamu.
Ndio ninaouvaa mimi kila jioni
mtoto anaposimama mbele yangu na kikombe kitupu.

"Nusu mfuko wa unga, shangazi.
Na kiroba unirudishie."

Langu limejaa, nikamwambia, mpaka majalada yake.
Akanipa daftari jipya, la kurasa mia,
na alipomaliza kunipa
akalowesha tena kidole.

Usiku nilihamisha madeni.
Kazi ya ajabu, kuhamisha watu:
huyu kahamia Handeni, huyu kafa,
huyu ananikwepa, anapitia Kumi na Saba
ilhali mlango wake unatazamana na wangu.
Nilipofika kwa Kupaza nikasita,
peni ikachora duara tupu pembeni.

Dirisha likagongwa.
Ni yule mwanawe, kiganja amekifumba.
Alipokifumbua, mlikuwa na sarafu ya mia,
ya moto, imelowa jasho.
"Baba kasema hii ni ya kile cha nne."
"Cha nne kipi?"
"Ulichokiangusha."

Nikaipokea.
Ningefanyaje? Ningeikataa, ningemvua nguo baba wa watu.
Nikaiweka kwenye mkebe peke yake,
ikalia.